Salamu Maria Tano kwa Picha Moja

Papa Furaha, mume wangu,

Leo nimefungua studio yako kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Nimepangusa meza na kile kiti cha wateja wa picha za pasipoti, halafu nimechukua filta ya kamera yako nikaketi nayo. Sikufanya kazi yoyote. Nimeizungusha tu, nikitazama dirisha kupitia humo, likiingia giza na kurudi kwenye mwanga.

Unakumbuka siku ulipoileta nyumbani? Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuachia vioo viwili vya kufunga mbele ya lenzi, kimoja juu ya kingine. Ulinipeleka ukingoni mwa ziwa, saa sita ya mchana, maji yanang'aa mpaka yanaumiza macho. "Zungusha pete ya nje polepole, Mama Furaha," ukasema. Nikazungusha. Mwanga ukapungua, ukapungua tena, mpaka mchana ule ukawa kama magharibi, na hakuna wingu lililopita. Nilikurudishia haraka.

"Hii ni dawa ya mganga gani?" nikakuuliza.

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Ni vioo tu. Mungu aliweka mwanga, mimi napunguza kidogo."

Ukanifundisha kwamba mwanga ukiwa mdogo hivyo, kamera lazima ibaki wazi muda mrefu, na maji yanayotikisika yanatoka yametulia kama shuka iliyopigwa pasi. Saa yako ya mkono ilikuwa imechukuliwa na askari katika vita vya kwanza hapa kwetu, kwa hiyo tulihesabu kwa sala. Salamu Maria tano, bila haraka, ni picha moja. Wewe ulishika waya wa kufungulia kamera, mimi nilisali. Mwanzoni niliona aibu kumtumia Bikira kama saa. Ulisema yeye naye aliendesha nyumba, anaelewa mambo ya kupungukiwa.

Kisha vita vya pili vikaja, na barabara yetu ya Ibanda ikajaa askari. "Nataka kuiona tena bila bunduki," ulisema, "hata kwenye karatasi tu." Ulijua kwamba filta ile ingeweza. Anayepita hana muda wa kuacha alama kwenye film. Kinachokaa ndicho kinachobaki.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu. Uliweka kamera mlangoni pa studio, ukazungusha pete, nikaanza. Nilikuwa namaliza Salamu Maria ya pili askari wanne walipotokea ng'ambo ya barabara. Watatu waliendelea kutembea huku na huku. Mmoja akasimama chini ya mti, akatukazia macho. Niliogopa, Papa Furaha, na sala zangu zikakimbia. Tatu zilizobaki nilizisema kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Ukafunga kamera, naye akavuka.

"Muzee, uko unatupiga foto? Nani alikupa ruhusa?"

"Napiga barabara, shefu. Ninyi hamutaonekana."

"Hatutaonekana? Sisi ni mashetani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Osha hiyo foto sasa hivi. Tukijiona mule, unapanda mugari na sisi."

Kila mtu mtaani alimjua jirani aliyepandishwa gari lao na hakurudi.

Ndani ya chumba cha giza nilikushika shati. "Nilikimbiza sala," nikakuambia. "Muda haukutosha." Mikono yako iliendelea na kazi yake, film, kisha karatasi, na nje tulisikia buti zikizunguka. Chini ya taa nyekundu picha ikaanza kuja: ukuta wa shule, nguzo ya umeme, miti, na barabara tupu, tupu kama asubuhi ya kwanza ya dunia. Mamama waliokuwa wanapita na mboga, pikipiki, wale askari watatu, wote hawapo. Nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba. Halafu nikaona chini ya mti buti mbili. Buti tu, na juu yake moshi wenye umbo la mtu.

Ukaninong'oneza, "Ungesali taratibu, angebaki mzima." Hofu yangu ilikuwa imemfuta nusu. Nusu iliyobaki ndiyo tuliyompelekea nje.

Askari yule aliishika karatasi ikiwa bado inadondosha maji. Alitazama barabara, akatazama picha, akatazama barabara tena.

"Mwili wangu iko wapi?"

"Ulikuwa unatikisika, shefu. Miguu peke yake ilitulia."

Hakukasirika. "Hii ni foto ya mutu amekufa," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo kabisa: "Papa, munirudishe."

Ukamrudisha chini ya mti, ukazungusha pete. Nilipoanza sala alitaka kusali na mimi, ukamkataza: "Usifungue kinywa, mudomo utapotea!" Wenzake wakapita nyuma yake wakimtania, eti amekuwa sanamu ya kanisa. Mara hii nilisema zote tano kama ninavyomlaza mtoto. Picha ilipotoka, yeye alikuwepo mzima, hata vifungo vya shati vinahesabika, na wenzake wote hawakuwepo. Gari hakulitaja tena. Nyuma ya karatasi aliandika jina lake na la mama yake, anayekaa Sange. "Mumupelekee. Hana foto yangu hata moja."

Ulipeleka. Njia ya Uvira, inayopita Sange, ilipopitika tulikwenda pamoja. Mama yule alifuta mikono kwenye kitenge mara mbili kabla ya kuigusa. Hakuwa amemwona mwanawe tangu alipochukuliwa kuwa askari, wala hakutuuliza aliko. Aliuliza, "Alikuwa peke yake hivi?"

"Hapana, mama," ukamjibu. "Tulikuwa naye, wengi."

Akaketi chini na picha. Tulikunywa maji, tukaaga, hakuinua kichwa. Garini nilisema labda akili imemruka. Ulisema, "Muache. Wako pamoja pale."

Siku ile sikukuelewa, mume wangu. Nilifikiri unamhurumia tu. Leo hapa mezani nina picha yako moja, ile ya kadi ya uchaguzi, umetoa macho kama mtu aliyekatazwa kupepesa. Wateja wawili wamegonga mlango, wamechoka, wamekwenda zao. Sijainuka.

Mwanetu Furaha anakusalimu. Pumzika, mimi niko hapa nawe.

Mke wako,
Mama Furaha