Filamu Iliyotoka Tupu

Wanjiru mpendwa,

Huku Kabiria tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Mparachichi umezaa hadi majirani wanatukimbia tusiwape zaidi.

Umeniuliza kama uache masomo ya filamu, kwa kuwa picha zako za viboko wa Kisumu, hata ile ya mtoto akiwa mgongoni mwa mama yake, zimefutika zote. Zangu pia zilipotea. Miaka ya sitini, nikiwa kijana, nilikaa kutwa kando ya kijito nikimpiga picha ndege kwera akisuka kiota. Nilikuwa nimewaahidi watoto wa shule ya jirani kuwaonyesha. Filamu iliposafishwa mjini ilitoka tupu: sikuwa nimeishikiza vizuri ndani ya kamera, haikusogea hata kidogo.

Nilienda shuleni mikono mitupu, nikawasimulia kwera anavyochana jani, anavyofunga fundo kwa mdomo, na jike akikikataa kiota, anavyokibomoa aanze upya.

Msichana mmoja akacheka. "Kwani ulikuwa unampiga picha ama unamsaidia kujenga?"

"Picha sina."

"Basi tupeleke tukaone, mwalimu."

Sikuwa mwalimu. Niliwapeleka, na kazi yangu yote ya kufundisha na kutengeneza filamu ilianzia hapo.

Kabla hujafunga virago, niandikie: yule mtoto wa kiboko alimpandaje mama yake mgongoni?

Babu yako