Mpishi wa Nyumba ya Mstaarabu

Jumatatu, 1 Agosti 1938

Ombi langu limejibiwa! Mkuu wa Posto, kituo chetu cha serikali ya Wareno, kaniita ofisini. Hakunikaribisha kiti, lakini kasema mkaguzi atatoka mji mkuu, Dili, na Jumapili atakuja kunitazama nyumbani. Ninavyokula. Ninavyolala. Ninavyosema Kireno. Kama nimeacha mizimu au bado. Nikipita napewa cheti: Evaristo, mstaarabu, si mwenyeji tena. Nisipopita — hii ni sheria mpya — karani asiye na cheti anatolewa mezani na kutiwa kwenye orodha ya barabara. Miezi mitatu ya kubeba mawe, bila malipo.

Orodha yenyewe naiandika mimi. Majina arobaini kila mwezi, wake kwa waume, kwa hati nzuri waliyonifundisha mapadre. Najua wanaorudi wanarudi vipi. Sitaki hata kufikiria!

Jumatano, 3 Agosti

Viatu nimepata, vya mtunza kanisa. Vinabana hadi machozi. Uma nne, visu vitatu, na kitanda cha kuazima kwa Mchina wa dukani. Nyumba inapendeza.

Tatizo ni Mama. Tambuu mdomoni tangu alfajiri, meno mekundu, anatema mlangoni. Anakula mkekani kwa mkono. Kila asubuhi anawawekea wafu wetu wali chini ya nguzo ya kati. Na mbele za watu ananiita Mau-Lequi, jina langu la kipagani, kwa sauti ya kuitia nyati!

Mke wangu Leopoldina kalelewa na masista, hana subira na mambo haya. Kasema tumpeleke Mama mlimani kwa kaka yake mpaka mkaguzi aondoke. Mama kakataa. Magoti yake hayapandi mlima tena. Na kisha: "Nyumba hii niliijenga na baba yako. Mgeni ni huyo Mreno. Akalale yeye mlimani!"

Jeuri tupu.

Alhamisi, 4 Agosti

Leopoldina kapata dawa. Kama hafichiki, basi aonekane. Mstaarabu ana mtumishi, si ndiyo? Kwa siku moja Mama atakuwa mpishi wetu.

Nilidhani atalia. Kacheka mpaka kapaliwa. "Miaka thelathini nakupikia, leo ndiyo napata kazi!"

Jumamosi, 6 Agosti

Mazoezi kutwa nzima. Leopoldina mkaguzi, mimi bwana wa nyumba, Mama anapita na sahani. Kila mara anajisahau: "Kula, mwanangu, kitapoa." Mwanangu! Mara tano. Ya sita nikamfokea, nikamwita kizee mshenzi, tena kwa Kitetum, lugha yetu, ili aelewe vizuri.

Kisha meno. Nilimshika kidevu nikamsugua kwa majivu na kitambaa mpaka fizi zikatoka damu. Hakubisha. Kijaluba chake cha tambuu, alichopewa na marehemu baba siku ya posa, nikakitupa chooni. Shimo refu lile. Akasikiliza kinavyoanguka. Halafu akaniuliza kama nataka kahawa.

Ni kwa faida yake pia! Nikienda barabarani mimi, nani atamlisha?

Jumapili, 7 Agosti

Imekwisha. Ngoja niandike polepole.

Mkaguzi Queirós. Mnene, mcheshi, na askari mmoja wa Posto, mwenyeji, wa kumshikia mwavuli. Kabla hata ya salamu: "Vua viatu." Viatu hakuvitazama, katazama miguu. Vidole vimetanuka kama vya bata, malengelenge mabichi. "Mstaarabu wa juzi!" kasema, kacheka, nami nikacheka. Kachungulia uvunguni. Kahesabu uma. Kauliza naota kwa lugha gani. Kwa Kireno, bwana. "Hata ndoto mbaya?" Hasa hizo, bwana. Kacheka tena. Nikaona mambo yananyooka.

Mezani Mama kaleta kuku. Kimya, macho chini. Hakukosea hata hatua. Mkaguzi anatafuna, anauliza kwa Kireno habari za wazazi. Baba alikufa, nikasema. Kweli kabisa. Na mama? Hilo hatukulifanyia mazoezi! Ulimi ukajiendea wenyewe: naye alikufa, bwana, kwa ndui. Alibatizwa? La, hakubatizwa. "Basi anaungua," kasema, na kaomba chumvi. Leopoldina kaashiria kwa kidole. Mama ndiye aliyeileta.

Mara kamgeukia Mama, kwa Kitetum chake cha sokoni. "We bibi, bwana wako mwema?" Mama kajibu, "Mwema, bwana. Inaonekana alilelewa vizuri."

Kafurahi huyo! Kaandika daftarini: wastaarabu wawili, mtumishi mwenyeji mmoja, Bui-Mali, mwanamke, umri kama miaka hamsini. Kanisukumia daftari na kalamu. Nimetia sahihi. Sahihi nzuri kweli, yeye mwenyewe kaisifu.

Ijumaa, 12 Agosti

Cheti! Karatasi nene, muhuri, jina langu lote. Leopoldina kakibusu. Nimekitundika palipokuwa na pembe za nyati za babu.

Mama bado anakula jikoni. Bado ananiita Senhor, kama mtumishi kwa bwana wake. Nimemwambia mchezo umekwisha, aje mezani. Hakugeuka hata kunitazama. "Mama yako si alikufa kwa ndui, Senhor? Si anaungua?"

Kumbe yule askari alimtafsiria yote nyuma ya nyumba, wakinywa kahawa. Mmbea!

Basi akae huko huko jikoni. Nimechoka naye.

Jumatatu, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa, na kazi iko pale pale. Mlima umeporomoka juu ya barabara. Mkuu anataka watu arobaini kabla ya Alhamisi, na safari hii kila mstaarabu mwenye mtumishi mwenyeji amtoe. Hapa Fatulari wastaarabu tunahesabika kwa vidole.

Nimeandika majina thelathini na tisa. La arobaini nimeweka la mtu aliyekufa Juni, huko huko barabarani. Nani atasoma?

Jumatano, 17 Agosti

Mkuu kasoma. Kafungua daftari la mkaguzi, kaweka kidole juu ya sahihi yangu. "Mpishi wako umemsahau, Senhor Evaristo." Kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli.

Nikaandika. Bui-Mali. Hati haikutetereka.

Nyumbani nilimwambia Leopoldina tu. Yeye ndiye aliyemwambia Mama, kisha kajifungia chumbani.

Alhamisi, 18 Agosti

Askari kaja, yule yule mmbea. Kamkuta Mama tayari uani, kapu mgongoni, kamba kipajini, magoti kayafunga matambara. Leopoldina hatoki chumbani.

Askari kanivuta kando. Kumbe ana huruma, mpumbavu huyu! "Bwana karani, najua huyu ni nani kwako, nami nina mama. Mzazi wa mwenye cheti haendi barabarani, ndiyo sheria yao. Niandikie mstari mmoja tu, kwamba huyu ni mama yako, utie sahihi. Namwacha hapa hapa."

Mstari mmoja! Na nikiuandika, nimekiri kwamba nilimdanganya mkaguzi. Cheti kinachanwa. Napigwa viganja mbele ya Posto mpaka mikono ivimbe isishike kalamu. Kisha kapu lile linahamia mgongoni kwangu. Nisipouandika — magoti yale, mawe yale! Wiki mbili hamalizi. Wa umri wake nimewafutia majina mwenyewe wakifa, najua.

Askari hakunong'ona vya kutosha. Mama kasikia kila neno. Anatazama mikono yangu tu.

Nimeingia ndani, nimekaa mezani, nimeshika kalamu, nimefungua daftari langu hili; karatasi ya askari iko kando, tupu. Askari ananiona dirishani. Anatabasamu, anamwambia Mama atue kapu, apumzike, mwanawe anaandika. Mama kalitua. Kakaa juu ya jiwe, anafungua matambara ya magoti, taratibu, moja baada ya jingine.

Nimewaambia wasubiri kidogo tu, nakaribia kumaliza.