Sinia Chini ya Mdomo wa Mashine

Kibaha, Alhamisi, Agosti 1978

Nimeandika taarifa ya kesho.

Tangu tupate mashine inayobangua korosho yenyewe, zinazovunjika zimezidi. Fundi Mkuu anawalaumu akina mama wa meza ya kuchambua. Kesho meneja ataamua kama Bi Zuhura wa kijiji cha Marui, kiongozi wao, afukuzwe.

Leo asubuhi Bi Zuhura aliniambia, "Mwanangu, korosho zinatufikia zimeshavunjika. Kila siku nasema. Nani ananisikiliza?"

Niliona aibu. Mimi ndiye karani wa ubora, na sijawahi kumuuliza lolote.

Basi nikachukua sinia, nikalikinga chini ya mdomo wa mashine, kabla korosho hazijaguswa na mtu. Fundi Mkuu akacheka. "Unakinga maji ya mvua, Bwana Karani?"

"Anakinga aibu yako, Fundi," Bi Zuhura akamjibu.

Sinia lilijaa vipande. Fundi akanisogelea, akasema polepole, "Ukiandika hayo, utatafuta kazi nyingine."

Huenda. Na nyumbani wananitegemea mimi tu.

Hata hivyo nimeandika: visu vya mashine virekebishwe, na kengele ya umeme ifungwe kutoka meza ya akina mama hadi kwa fundi, wailize mara tu wanapoona vipande. Nimeandika pia kuwa aliyegundua ni Bi Zuhura.

Taarifa zangu zote hupitia kwa Fundi Mkuu. Hii ya kesho nitampa meneja mkononi, nami nitasimama pale mpaka amalize kuisoma.