Uki Si Pombe, Tulisema

Kasikeu, Jumapili mchana

Mama Kioko mpenzi,

Kwanza nakusalimu, wewe na wote wanaolala chini ya bati letu. Mmeamkaje? Goti lako limetulia, ama bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni? Kioko amepona kikohozi? Na Mumbua, bado hataki kwenda shule mpaka asukwe nywele? Huku mvua imenyunyiza tu, ile ya kuchafua viatu. Nasikia huko Tulia imenyesha vizuri na ndengu zimeshika, na nimemshukuru Mungu. Mimi mwili uko sawa, ila nina alama juu ya jicho la kushoto. Nitakuambia ilikotoka. Usiogope, sikuvamiwa na mtu.

Utajiuliza kwa nini barua na simu iko. Wiki hii nimekupigia, wewe mwenyewe ni shahidi. Kila nikipiga unaweka spika ili mama asikie, na watoto wanasikia, na yule jirani wa kuomba chumvi kila jioni naye anasikia. Nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Hata ukaniuliza, "Baba Kioko, siku hizi umependa mbuzi hivi?" Haya mambo si ya spika. Yasome peke yako kwanza, ukiwa umekaa. Na kama utakicheka Kiswahili changu cha shule, cheka tu. Kikamba cha kuandika unajua kilinishinda zamani.

Unamkumbuka Mama Nzilani, mke wa Mzee Kilonzo mwenye nyumba ninayopanga, yule aliyekutumia asali wakati Mumbua ana homa. Mama huyu amekuwa akivuja damu miezi mingi na hasemi. Wanawake wa rika lake unawajua, mpaka waanguke ndipo waseme ni wagonjwa. Walipompeleka hospitali akaambiwa ana uvimbe kwenye tumbo la uzazi, lazima apasuliwe, lakini hawezi kupasuliwa akiwa hana damu mwilini. Watu wake watafute wa kumtolea.

Hapa kuna kikundi cha mwethya, kile cha kusaidiana kuchimba matuta, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwenyekiti wao ni Mama Kalekye, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Aliwaita watu akasema, "Hii nayo ni mwethya. Mama Nzilani amechimba shamba la kila mtu aliye hapa. Sasa shamba ni mwili wake." Wueh! Wakapangana, watatu waende Jumanne, wengine wafuate Alhamisi. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nisikufiche, nilijisikia. Si unajua nilivyo mwili mkubwa? Nilitaka waone.

Kutoa damu si kitu, Mama Kioko. Sindano inauma kama siafu mmoja, halafu unalala pale unaangalia dari. Sista aliyenihudumia ni mtu wa Pwani, Kiswahili chake ni cha kuimba. Aliponitoa sindano akanifunga plasta akasema, "Kunywa maji mengi leo, usibebe kitu kizito, na pombe leo hapana." Nikaitika. Akanipa soda na biskuti. Soda nikaiweka mfukoni, nikasema nitainywa nikifika, maana wenzangu walishatangulia nje na sikutaka nionekane mimi ndiye wa kukaa kaa kama mgonjwa.

Kwa Mzee Kilonzo tulikuta wamepika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, sufuria kubwa ya harusi. Jua kali, watu wamejaa uani, wanatupigia makofi. Mzee akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala, peke yangu. Unajua ana mizinga ya nyuki. Alikuwa na kibuyu cha uki wa asali. Akasema, "Mwanangu, tangu babu zetu, mwethya haiishi bila uki. Umemtolea mke wangu damu, nikikuacha uende mdomo mkavu mimi ni mtu gani?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi nimeokoka. Tena sista amekataza pombe."

Akacheka. "Alisema pombe. Alisema uki?"

"Hakusema uki."

"Basi. Pombe ni ile ya chupa. Hii ni uki. Ni asali na maji na miti ya dawa. Hii inarudisha damu."

Mama Kioko, ningeweza kukuandikia kwamba niliogopa kumvunjia mzee heshima. Hata nilianza kuandika hivyo, nikachana karatasi. Heshima ilikuwepo, lakini pua yangu ilikuwa imeshafika ndani ya kibuyu kabla ya heshima. Nilikuwa nimesahau ile harufu, kumbe yenyewe haijanisahau. Nilikunywa kikombe kimoja cha bati. Akaniongeza cha pili, nikanywa. Tulicheka pamoja, "Sista wa Pwani atajua nini kuhusu uki?" Nilijiona mjanja sana.

Tukarudi uani. Na hapo, aki Mungu ana njia zake, Mama Kalekye akasema, "Baba Kioko ni mtu wa maombi, atuombee chakula." Nikasimama haraka. Nikasema, "Baba, tunakushukuru kwa..." na uwanja ukaanza kuzunguka. Miguu ikawa si yangu. Niliangukia sufuria ya muthokoi, paji la uso kwenye ukingo wake, na chakula cha watu wote kikamwagika mchangani. Plasta ya mkono ikabanduka, damu ikaanza kutiririka mpaka kwenye vidole. Wanawake wakapiga nduru. Nilisikia mtu akisema, "Asi! Damu imemwisha!"

Waliniinua miguu, wakanipepea na leso. Na harufu? Utauliza harufu. Nilikuwa nimelowa mchuzi wa muthokoi kuanzia nywele mpaka kifua, ni nani angenusa kitu kingine? Mzee Kilonzo alisimama kando. Nilimwangalia, akaangalia chini. Hakusema, na mimi sikusema.

Sasa ngoja nikuambie aibu yenyewe, maana kuanguka bado ni kidogo. Kesho yake watu walianza kuja chumbani kwangu. Huyu na mayai, huyu na maini, huyu na uji wa wimbi. Mama mmoja mjane, ambaye najua ana kuku wawili tu, alinichinjia mmoja. Kuniita waliniita shujaa. Nikala, Mama Kioko. Nilikula yule kuku, mapaja na kidari, na nikashukuru, muvea, muvea muno.

Alhamisi ikafika, na hakuna aliyekwenda hospitali. Hata mmoja. Kijana mmoja mchonga mawe alisema wazi, "Baba Kioko anabeba geti la chuma peke yake, na akaanguka kama gunia. Mimi nani?" Wanawake wakasema wana watoto wadogo. Mama Kalekye aliwabembeleza mpaka sauti ikakauka. Na kila alipowaambia kutoa damu hakuna shida, walimwonyesha mlango wangu.

Ijumaa nilikwenda hospitali kumwona mgonjwa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Midomo pia. Walikuwa wamesogeza operesheni mbele kwa sababu damu haijatosha, na bado alikuwa anavuja. Aliponiona akajaribu kuketi, hakuweza. Akanishika mkono akasema, "Nisamehe mwanangu. Nimesikia ulivyoumia kwa ajili yangu. Waambie watu wasijilazimishe."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha! Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Mume wake amekaa upande wa pili wa kitanda, kofia mkononi. Nilisema, "Si kitu, mama." Ndiyo maneno niliyopata.

Nilipotoka nikamkuta yule sista kwenye ukumbi. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, ikiwa mtu ametoa damu halafu akanywa kidogo. Akanieleza polepole. Kwamba ukitoa damu mwili umepungukiwa na maji, na pombe inakutoa mengine. Presha inashuka, na ukisimama haraka kichwa kinakosa damu, unaanguka. Kwamba ile ambayo siku nyingine hata huisikii, siku hiyo inakupanda mara mbili. Na kidonda cha sindano kinaweza kufunguka. "Wengi huumia kwa kuanguka," akasema. "Ni wewe?"

"Ni rafiki yangu."

"Haya. Mwambie rafiki yako aje nimbadilishie bandeji ya paji la uso."

Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani tukirudi nilimwambia Mzee Kilonzo lazima tuseme. Akasimama. Akasema, "Watasema nimemuua mke wangu kwa uki wangu." Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee wa watu. Akasema tutatafuta ndugu zake wa Matiliku, watatoa wao. Nikamuuliza, na kama mgonjwa hataweza kuwangoja hao ndugu?

Jana asubuhi mwethya ilikuwa inachimba matuta. Nilikwenda na bandeji yangu. Walipumzika kuniuliza hali, wengine wakataka nikae kivulini. Nikasema siwezi kukaa, nina neno. Nikawaambia kwamba sikuanguka kwa sababu ya kutoa damu. Nilianguka kwa sababu nilitoa damu, nikaacha kunywa soda niliyopewa, halafu nikajificha nyuma ya ghala nikanywa pombe.

Mzee Kilonzo, ambaye sikujua yupo, akasema kutoka nyuma, "Haikuwa pombe. Ilikuwa uki. Mimi ndiye nilimpa, ya mwethya." Na watu wakaanza kuitikia. "Aaa, uki!" "Uki si pombe." "Kumbe ni uki tu, basi maskini ni ile damu." Walikuwa wananionea huruma, unaelewa? Walikuwa wamenifungulia mlango nitoke na heshima yangu. Na nikitoka kwa mlango ule, basi ni damu iliyoniangusha, na hakuna atakayekwenda.

Nikasema, "Uki ni pombe."

Mama Kalekye akaweka jembe chini. "Rudia, wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Nikasema uki ni pombe, na nililewa, na nilipoanza kuwaombea chakula nilikuwa mlevi. Yule mjane akaniangalia. "Na kuku wangu?"

"Nilimla, mama."

Sijui ni nani alianza kucheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye udongo, na mimi nimesimama pale na umri wangu wote. Yule mjane peke yake hakucheka. Mama Kalekye akawaacha wamalize, halafu akauliza, "Kwa hivyo damu haiui mtu?" Nikasema haiui. "Basi nani anakwenda na mimi?" Yule kijana wa mawe alikuwa wa kwanza kuosha mikono.

Walikwenda tisa. Mama Nzilani alipasuliwa jana hiyo hiyo jioni. Leo asubuhi amefungua macho na ameomba chai. Hajambo, lakini ni dhaifu sana. Mzee Kilonzo amelala kwenye benchi la nje ya wodi, haondoki.

Pasta wa huku ameniambia nikae kando na maombi ya mbele kwanza. Ni haki. Anafahamiana na pasta wetu wa Tulia, ndiyo maana naharakisha barua hii kwa mnunuzi wa ndengu anayekuja huko kesho. Wewe ndiye uliyesimama kanisani ukasema, "Mume wangu Mungu amemwosha." Nilikuona siku ile ulivyonyoosha shingo. Afadhali uniulie mbali mimi kuliko kusikia haya kwa mtu mwingine huku wanawake wenzako wanakuangalia.

Na kuna jambo moja limebaki, ndilo linalonikosesha usingizi. Jana wale tisa waliporudi, kijana wa mawe alipita karibu na baa, na watu wakampigia kelele, "Wewe! Usifanye Kioko!" Leo nimesikia mtoto akimwambia mwenzake aliyetaka kushika kibuyu cha babu yake, "Wacha, utafanya Kioko." Limeshika. Hapa hakuna anayenijua kwa jina lingine, na jina lenyewe si langu. Ni la mtoto wako, tulimpa la asubuhi kwa sababu alizaliwa kukipambazuka. Ulikuwa uje Desemba na watoto. Nataka uje. Lakini ujue ukisema hapa wewe ni Mama Kioko, watu wataziba midomo wasicheke. Ukisema hutakuja nitaelewa. Kioko usimwambie, hilo niachie mimi, nitamwambia macho kwa macho.

Msalimie mama yangu, na kama atauliza kwa nini hukusoma kwa sauti, mwambie nitamweleza mwenyewe. Msalimie Musyoki mdogo wangu anayetuchungia mbuzi. Msalimie dada yako Mwikali, fundi wa nguo, asiache kunisema, nimestahili. Pasta akiuliza, mwambie ni kweli yote, tena ilikuwa vikombe viwili.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mume wako,
Mutua

Lile la Baba Kioko sikuliandika hapa. Nitaliandika tena siku wewe utakaponiita nalo.