Koti Lenye Mikono ya Rangi Mbili

4 Machi

Mjukuu wangu, mke wangu mdogo,

Pokea salamu zangu na za bibi yako, mke mwenzio, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha simsahau. Sisi wazima. Magoti yake yanalia akipanda ngazi, na yangu yanamwitikia. Hofu yetu ni kwako wewe, kama unakula vizuri na kama huko maktabani hawakubebeshi vitabu mpaka mgongo ukapinda.

Picha yako imefika. Umenawiri. Lakini mbona hukuniambia? Huyo bwana mrefu aliyesimama nyuma yako ofisini ni nani? Nilinuna tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, halafu nikamtazama kwa jicho la ufundi. Mabega ya koti lake yamekaa sawasawa. Mikono ni mirefu mno, hata vidole havionekani, mlete nimpunguzie. Naona ni mpole, hana makeke. Mwambie tu kwamba mimi ndiye niliyekuposa kwanza.

Sasa habari kubwa. Bendi ya zimamoto imenipa kazi: makoti kumi na mawili ya bluu iliyokolea, kola nyeusi, vifungo vya shaba, ya kuvaa kwenye gwaride la Septemba. Miaka arobaini na miwili nimekaa mbele ya cherehani hii na sijapata kazi kama hii. Baba yako anasema nimwachie fundi kijana wa mtaa wa pili, mimi nipumzike. Nimemjibu ng'ombe hazeeki maini. Mwezi wa Mei kiongozi wa bendi anakuja kuliona koti la kwanza. Likimridhisha, yote ni yangu.

Babu yako

13 Machi

Babu yangu, mume wangu mzee,

Shikamoo. Mpe na bibi shikamoo yake. Mimi mzima, nakula, na mgongo bado umenyooka.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mwenzangu wa kaunta akaja kuuliza kuna nini. Babu, yule si mtu. Ile ni stendi ya kutundikia makoti. Koti ni la mkuu wetu wa maktaba, na juu yake ni kofia yake. Ndiyo maana bwana mwenyewe mpole.

Halafu kicheko kikaniisha. Wewe ukikutana na mtu njiani unajua fundi gani alimshonea, leo unagombania mke na mti? Nikaitazama barua yenyewe. Zamani uliandika herufi ndogo, zimepangana. Sasa kila herufi ina ukubwa wa kifungo na mistari inapanda mlima. Hapa nawaona wazee kila siku. Kwanza wanaliweka gazeti mbali, wanasema mikono yao imekuwa mifupi. Kisha wanasema magazeti ya siku hizi yanachapwa vibaya. Tafadhali, nenda kwa daktari wa macho kabla hujalikata hilo koti. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mjukuu wako anayekupenda

21 Machi

Mjukuu,

Hatujambo.

Aliyekupiga picha mkono ulimtetemeka. Macho yangu ni yale yale yaliyokata suti ya harusi ya baba yako na sare zako zote za shule. Miwani ni ya makarani. Mteja akimwona fundi amevaa miwani, anageuza njia. Koti nimeshalikata.

Babu yako

19 Aprili

Babu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu uninunie. Nimempigia bibi simu, anasema hamjambo, kisha anabadilisha mazungumzo. Bibi hajui kudanganya, anajua kubadilisha mazungumzo tu. Nina wasiwasi. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Mjukuu wako

8 Mei

Mjukuu wangu,

Miili mizima, moyo ndio mgonjwa. Uliniambia kweli nikakununia. Nisamehe.

Jumatatu alikuja kiongozi wa bendi. Nilimvika koti humu ndani mbele ya kioo, likamkaa. Akavuta pumzi kama anataka kupuliza tarumbeta, akainua mikono, hakuna kilichombana. Tukatoka barazani kulitazama juani. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akailinganisha. Kisha akaniuliza taratibu, "Mzee wangu, huu ndio mtindo mpya?"

Mkono wa kulia ulikuwa wa bluu. Wa kushoto nilikuwa nimeukata kwenye jora jeusi, lile la kola. Chini ya taa ya dukani majora yale mawili kwangu yalikuwa rangi moja. Hata pale juani ilibidi anisogezee mikono yote miwili karibu na pua ndipo nikaona. Niliona haya, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakunifokea. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimshonee jingine, la sivyo atakwenda kwa fundi kijana. Niliporudi ndani nilimkuta bibi yako anatunga uzi kwenye sindano, moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye kimto changu. Nikamwuliza anafanya nini. Akasema, "Ninachofanya kila asubuhi tangu mwaka jana, wewe ukiwa unaoga." Na mimi nilidhani nazitunga mwenyewe jioni halafu nasahau! Mwaka mzima ameisitiri aibu yangu hata mimi nisiijue. Nililia, mjukuu wangu, sikufichi.

Nikiikosa kazi hii, mkasi nautundika. Baba yako atakuwa ameshinda, na mimi nitakaa barazani kuhesabu wapita njia nisiowaona. Nifanye nini?

Babu yako

14 Mei

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole. Mwambie bibi namwinamia mpaka chini.

Hilo swali lako la mwisho nimelisoma mara nne, maana tangu nizaliwe hujawahi kuniuliza nifanye nini. Basi nami nakujibu bila aibu. Kesho asubuhi vaa shati safi, mshike bibi mkono, nendeni kwa daktari wa macho. Msiende keshokutwa. Pamoja na barua hii nimekutumia taa ya mezani yenye mwanga mweupe. Hiyo taa yako ya dukani ni ya kulalia. Na kuhusu wateja kumkimbia fundi mwenye miwani: babu, mteja anamkimbia fundi mwenye koti la rangi mbili.

Mjukuu wako, mchumba wa stendi

2 Juni

Mke wangu mdogo,

Salamu tele. Leo magoti hayajalia, nadhani yanasubiri kusikia habari.

Daktari ni binti wa umri wako. Alinikalisha gizani, akanimulika, akaniambia nina mambo mawili. La kwanza ni mikono mifupi, kama ulivyosema, na dawa yake ni miwani. La pili ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisema kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitazama dunia kupitia glasi ya chai, ndiyo maana bluu na nyeusi zilikuwa zimeoana. Jicho la kulia litapasuliwa Julai, la kushoto Agosti. Nikamwambia huyo daktari kwamba kiongozi wa bendi hasubiri Julai.

Kwa hiyo meza nimeivuta mpaka mlangoni penye jua, na taa yako nimeiweka kushoto. Halafu nikakumbuka kuwa vidole vyangu havina mtoto wa jicho. Jora jeusi nimelitia mafundo ya uzi kwenye pindo, moja kila dhiraa, na kila kipande cheusi nikikikata hakiondoki mezani bila fundo lake. Kabla sijaunga mshono, napapasa. Penye fundo ni kola, pasipo fundo ni koti. Sindano bado anatunga bibi yako, ila sasa anatunga mbele yangu na kunicheka.

Kiongozi wa bendi alipokuja nilimweleza ukweli wote kabla hajavaa, macho, mafundo na yote. Akalichukua koti, akatoka nalo juani, akaligeuza mara tatu. Akarudi akasema, "Kumi na moja yaliyobaki ni lini?"

Miwani navaa. Kinyozi wa jirani anasema nafanana na hakimu.

Babu yako, fundi bado

30 Julai

Mke wangu mdogo!

Sikuulizi hali, utaniambia baadaye. Jana wamenifungua bandeji.

Nani alinificha bluu? Nilirudi dukani nikalifunua lile jora nikakaa chini. Ukutani nilipaka rangi nyeupe, lakini ninapoliziba jicho lililopona ukuta unakuwa wa njano, na ninapoliziba hilo jingine unang'aa! Nimekuwa nikifanya hivyo tangu jana, kulia, kushoto, bibi yako anasema nitakuwa kichaa. Nimegundua pia kuwa duka langu ni chafu, utando wa buibui kila pembe, na hakuna mteja aliyethubutu kuniambia.

Nikamwuliza bibi yako nani kammwagia unga kichwani. Akajibu, "Unga huo una miaka sita." Nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Ana mikunjo ambayo sikuijua, na mingi nimechangia mimi. Ni mzuri sana, mjukuu wangu. Nilimwambia hivyo, akaniambia nirudi kazini.

Babu yako

9 Agosti

Babu yangu,

Shikamoo. Nimelia kaunta, na safari hii mwenzangu hakuuliza, nilimpa barua asome, akalia naye. Ruhusa ya kuja kwenye gwaride nimenyimwa, mwezi huo tunahesabu vitabu vyote. Basi uwe macho yangu. Niandikie ulichokiona, chote.

Mjukuu wako

22 Septemba

Mjukuu wangu,

Salamu kwako na kwa huyo mwenzio wa kaunta. Sisi wazima kuliko kawaida, na jicho la kushoto nalo limepona.

Ulisema niandike nilichokiona. Walipita saa nne asubuhi, mbele ya posta, mimi na bibi yako tumesimama ukingoni mwa barabara. Makoti kumi na mawili. Bluu yote bluu, kola zote nyeusi, vifungo vinarudisha jua machoni mwa watu. Waliokuwa pembeni yetu wakapiga makofi. Daktari wangu alikuwepo, akanipungia mkono kutoka ng'ambo, nami nikamwona akinipungia!

Safu ya pili, upande wa kulia, alipita mpiga ngoma kubwa. Koti lake ni moja ya yale matatu niliyoyashona Juni, kabla ya kupasuliwa. Alipotupa mgongo nikauona mshono wa katikati. Ukifika kiunoni umekwenda kushoto, kwa upana wa punje ya mchele, kisha umerudi. Hakuna aliyeuona, hata kiongozi wa bendi aliyelikagua. Nikapiga kelele, "Umepinda!" Bibi yako akashtuka, "Nini kimepinda?" Nikamwambia, "Mshono wangu!" Nikamkumbatia pale pale barabarani nikicheka, machozi yananitoka. Akanivuta shati, akasema watu wanatazama. Nikamwambia waache watazame, hata mimi natazama.

Gwaride lilipokwisha nilimfuata mpiga ngoma, nikamwomba avue koti. Akaligeuza huku na huku, akasema, "Mzee, mimi sioni kitu."

Nikamwambia, "Mimi naona."

Liko mezani sasa. Nimeshafumua nusu.

Babu yako, fundi