Mto Mmoja Kila Asubuhi

Mwanangu Bosi,

Salamu kutoka kwangu baba yako na kutoka kwa mdogo wako Kifungo. Hujambo? Kazi haijambo? Mimi mzima. Goti la kushoto bado linagoma kwenye ngazi, mengine yote yanafanya kazi. Kwenye barua watu huandika hofu ni kwako na wala hawaogopi kitu. Mimi naandika hofu ni kwako na naogopa kweli. Nitafika huko. Nianze na ya nyumbani.

Karatasi hii ni ya mfuko wa saruji, upande wa ndani. Penseli nimeazima kwa seremala. Kifungo alitaka akuandikie yeye kwenye simu, eti inafika mara moja. Nimekataa. Akiandika yeye ataweka maneno mazuri, utajua si mimi.

Kifungo yuko salama. Biashara yake ya mito ya makochi inakwenda. Sebuleni hakuna pa kukanyaga. Cherehani iko pale ilipokuwa meza, meza iko chumbani kwangu, na sponji ziko kila mahali. Juzi nimefika saiti, nikavua kofia, fundi akanitoa kipande cha sponji sikioni. Akaniuliza kama naziba masikio nisimsikie akiniita.

Ile picha yangu nimelala uliiona. Nilikuwa nimetoka kazini, mdogo wako akasema kaa hapo baba, jaribu mto. Nikakaa. Sikumbuki kingine. Buti mguuni, mdomo wazi. Akanipiga picha akairusha mtandaoni. Watu wakacheka, wengine wakaagiza mito. Kufika saiti jina limeshabadilika, naitwa Mzee Mto. Yule ninayerushiana naye matofali, mimi chini, yeye juu ya jukwaa, akapiga kelele kwamba leo nisirushe tofali, nirushe mto, ataudaka kwa usingizi. Walicheka hadi msimamizi, na yule huwa hacheki.

Toka hapo Kifungo akaona dawa ni kurusha picha tu. Na kila mtu akaja na hesabu yake. Binamu yenu anayetengeneza simu akasema mara tatu kwa siku, la sivyo watu watamsahau kabla ya chakula cha mchana. Fundi mapazia wa mlango wa pili akasema mara moja kwa wiki, waache watu wakuulizie. Wewe ukasema mara mbili, Jumanne na Ijumaa, picha nzuri, za mwanga wa mchana, na kamba ya nguo isionekane nyuma. Muda unaobaki ashone.

Ulisema kweli. Mto mpya haumaliziki kila siku. Kwa hiyo akawa anarusha ule ule wa bluu wenye maua. Leo uko juu ya kiti. Kesho uko chini ya kiti. Siku moja ameuweka kichwani kama anatoka sokoni. Mteja mmoja akamwandikia kwamba huyo dada tumeshamjua, tuonyeshe mwenzake. Halafu akaja yule mama mwenye makochi ya mbao, ambaye mito yake ilishapita siku ya ahadi. Akamkuta mdogo wako amepanda stuli, anaupiga picha mto wa bluu kutoka juu. Hakugomba. Alisema tu kwamba nyumbani kwake wageni wanakalia mbao, na kama siku hizi picha zinakaliwa, basi amfungie nne aende nazo.

Jioni hiyo Kifungo aliniuliza mimi. Baba, nimsikilize nani? Uso wake ulikuwa ule wa siku alipomeza kifungo cha shati langu. Nikamwambia kila asubuhi, moja, asikose. Akauliza kwa nini. Nikamwambia habari za matofali. Hurushi matatu kwa mpigo, utamuumiza wa juu. Wala hurushi moja ukaenda kunywa chai, wa juu atabaki mikono mitupu. Unarusha moja, anadaka, unarusha jingine. Akaniangalia kama nimesema jambo kubwa sana. Akakupigia simu pale pale, akakwambia baba ameamua.

Ulichomjibu nakijua, maana ulisikika hadi mlangoni. Ulisema basi amfuate baba na matofali yake, na mambo yakikwama asikupigie.

Tangu hapo hujapiga. Wala hujagusa picha yake hata moja. Kifungo anasema umekasirika tu, Bosi huwa anapoa. Lakini anashona huku anachungulia simu. Amejichoma sindano mara kadhaa na anasema ni sindano mbovu.

Sasa nakwambia ukweli, mwanangu. Yale ya matofali niliyatunga pale pale nimekaa. Mto na tofali wapi na wapi. Mimi biashara ya mtandaoni siijui, hata simu yangu ni ya tochi. Sababu yangu ilikuwa nyingine.

Unakumbuka marehemu mama yako alivyokuwa anaongea na wewe kwenye simu. Anaongea mpaka chai inapoa. Mimi nakaa pembeni navua buti. Akikaribia kumaliza nasema, mwambie namsalimia. Anakwambia. Wewe unasema, na yeye msalimie. Ananiambia. Basi. Kwangu mimi nilikuwa nimeshaongea na mtoto.

Alipoondoka, ukaanza kunipigia mimi. Hujambo baba, sijambo. Umekula, nimekula. Halafu tukawa tunasikilizana tunapumua. Nikakwambia salio lako litaisha, nikakata. Nilifanya hivyo kila ukipiga. Ukaanza kupiga mara chache. Sikulaumu. Nani anapenda kupigia ukuta?

Asubuhi moja nakunywa chai, Kifungo akaniletea simu yake machoni. Akasema ona, dada ameupenda huu. Nikaona kapicha kako, kale ka kitambaa cha njano kichwani, na pembeni kamoyo kekundu. Nikauliza amekaweka lini. Akasema sasa hivi. Nikajua umeamka. Uko mzima, una kidole cha kugusa, unajiandaa kwenda kazini kama mimi. Siku ile nilirusha matofali mpaka wa juu akaomba nipunguze.

Kesho yake nikamuuliza, umerusha? Na kesho kutwa. Akadhani baba kaipenda biashara. Akawa anarusha hata kama hana cha kurusha, kwa sababu mimi nimesimama mlangoni na buti zangu, siondoki mpaka nione. Ule mto wa kichwani ni kazi yangu. Alisema leo sina mpya, nikamwambia basi uweke hata kichwani. Akauweka. Na wewe ukauwekea moyo.

Uliposema mara mbili kwa wiki nikazifikiria zile asubuhi nyingine zote hazina kitu. Ndipo nikaleta matofali. Nilitaka moyo wa kila siku, nimekosa hata wa Jumanne.

Leo asubuhi nimemwambia Kifungo yote. Aliacha mkasi katikati ya kitambaa. Akasema baba, umenizungusha na mto mmoja mpaka wateja wamenichoka, kumbe unamtafuta dada? Akacheka, akalia, akacheka tena. Mimi sikujua nikae wapi, na pa kukaa penyewe hapakuwepo. Akasema si ungempigia tu. Nikamwambia nimpigie nimwambie nini. Akasema mwambie hata goti.

Basi imeamuliwa, Bosi, umeshinda. Jumanne na Ijumaa. Kamba ya nguo nimeihamishia nyuma ya nyumba kwa mikono yangu. Mito ya yule mama imeshonwa yote, na nimempelekea mwenyewe kichwani, nikapita mbele ya saiti, ungekuwa wewe ungeomba dunia ipasuke uingie. Mto wa bluu nimeuchukua mimi. Naukalia sasa hivi ninapoandika.

Mdogo wako usimkasirikie. Alimsikiliza baba yake, na baba yake alikuwa anadanganya. Mpigie leo leo ukishasoma hapa. Mimi nisamehe ukipata nafasi.

Siku ambazo hakuna picha nitakupigia mimi, asubuhi, kabla sijavaa buti. Nitakwambia goti limeamkaje. Likiisha goti sina kingine. Usikate. Nami sitataja salio. Tupumue tu hivyo hivyo mpaka muda wa kazi ufike. Kwangu hayo ni mazungumzo.

Binamu anakusalimu. Fundi mapazia anakusalimu na anasema yeye hesabu yake ni ile ile, mara moja. Kifungo anakusalimu na anauliza kama ile rangi ya njano ya kitambaa chako inapatikana huko kwa wingi, kuna mtu anataka mito minne ya hivyo.

Salamu za kwangu zamani zilipitia kwa mama yako. Sasa hakuna wa kumwambia akwambie. Nasema mwenyewe.

Nakusalimia, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Mzee Mto