Mkono Juu ya Meza

Jumatatu, 1 Septemba

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Herufi kubwa, muhuri wa klabu. Kuanzia sasa kila mchezaji wa kikosi cha kwanza LAZIMA ahudhurie Siku ya Mashabiki. Asiyehudhuria bila ruhusa hachezi mechi inayofuata. Siku yenyewe ni Jumamosi hii. Mechi inayofuata ni nusu fainali.

Jina langu halimo. Halihitajiki! Kila aliyesoma alinigeukia, kama vile maneno yameendelea usoni kwangu. Siku za Mashabiki mbili zilizopita sikwenda. Ya kwanza nilisingizia tumbo. Ya pili sikusingizia chochote.

Aliyebandika ni Tabasamu, mtu wa matangazo wa klabu. Tumempa jina hilo kwa sababu kutwa yuko nyuma ya simu yake: tabasamu, tabasamu! Kanivuta pembeni. Eti mashabiki hawaji kuona magoli tu, wanataka kumwona mtu. Nikamwambia mtu yuko pale njia panda kwenye bango langu la sabuni ya mdhamini, mkubwa kuliko nyumba, hachoki wala haendi kulala, waende wakamtazame. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mdhamini naye anajua kusoma mkataba, akasema.

Kocha haingilii. Yake ni ya uwanjani, basi. Lakini ndiye aliyenizoesha kuandika — andika kabla ya mechi, kichwa kitulie. Leo hakitulii. Wala miguu. Nimefagia chumba nilichokifagia asubuhi.

Jumanne, 2 Septemba

Eti nina mimba! Kasema kipa. Mapacha, kaongeza beki wa kulia. Mwingine ana hakika nimeshasaini kwingine. Mwingine: kiburi tu, Wembe kaanza kujikata mwenyewe. (Wembe ni mimi. Jina la redioni. Mtangazaji mmoja alilipenda, likaganda.)

Kuniuliza mwenyewe? Hakuna. Kumbe mtu hawezi tu kukataa. Lazima awe mgonjwa, mja mzito au mwenye majivuno.

Baada ya mazoezi Dada Mkubwa, nahodha wetu, alinikalisha kwenye nyasi. Anafunga barafu magotini kama anavyofunga kila siku. Akaniuliza kama najua yeye na wenzake wa mwanzo walianza kuchezea mbele ya nani. Najua, lakini nikamwacha aseme. Mbuzi, akasema. Mbuzi na mlinzi wa geti, na mlinzi mwenyewe alikuwa akisubiri tuondoke afunge. Tulipita mlango kwa mlango tukiwasihi watu waje. Wanaume walituuliza nyumbani kapika nani.

"Leo wanakuja, mdogo wangu. Wanapanga foleni! Halafu wewe unajificha. Unajua asiyekuwepo na lake halipo?"

Ningeweza kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema nina kiu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepita kinyozini kwa Baba. Ilikuwa makosa. Kila kiti kina mtu, na kila mtu ana swali: Jumamosi utakuwepo? Kumbe Baba ameshawaahidi! Anafunga duka saa sita, wanakwenda pamoja, yeye mbele. "Binti yangu atawasalimia mmoja mmoja," akasema, mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mtu.

Nikasema sijui kama nitakwenda. Akaizima mashine. Kinyozi akizima mashine katikati ya kichwa, ujue kuna jambo.

Akawasimulia wote, lakini alikuwa akinisimulia mimi. Alipokuwa kijana alimpenda winga mmoja kupita kiasi. Alisimama nje ya hoteli ya timu kuanzia asubuhi, shati lake la pekee limepigwa pasi. Yule bwana akatoka, akaingia garini, akafunga kioo. Hakutazama hata upande ule. "Sikutaka anipe kitu. Angepunga tu. Kupunga mkono hakuvunji mfupa." Tangu siku hiyo hakumshangilia tena, hata alipofunga.

Wateja wakaguna. Mimi nilikuwa natazama ukutani, juu ya kioo. Picha yangu ipo pale, kwenye fremu. Ya Siku ya Mashabiki ya mwezi wa tano. Mimi na shabiki mmoja mwenye kofia, tunacheka.

Basi niandike. Yule mwenye kofia aliniwekea mkono begani, kama wengine wote. Kisha mkono ukashuka. Ukafika ulipotaka kufika, ukakaa. Ukabinya. Mbele yetu Tabasamu na simu: tabasamu! Na mimi — nikatabasamu. Nikatabasamu meno yote nje! Hiyo ndiyo picha iliyotoka vizuri kuliko zote. Klabu ikaisambaza kote. Baba akaenda kuichapisha.

Mkono hauonekani. Uko nyuma.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda.

Sijui ni kwa ajili ya mbuzi wa Dada Mkubwa au shati la Baba lililopigwa pasi. Asubuhi nilivaa jezi, nikavua, nikavaa, juu yake nikavaa koti. Joto lote lile!

Ni kwenye duka kubwa, kati ya maboksi ya sabuni. Meza moja ndefu, lakini Tabasamu alitaka tusimame mbele yake, si nyuma, ili "tuwe karibu na watu". Spika mbili zikipiga muziki kila moja wa kwake. Foleni imetoka mpaka nje kwenye maegesho. Wengi walikuja kwa ajili yangu, na sikatai, kifua kilijaa.

Na kulikuwa na mazuri! Lazima niseme ukweli hapa, maana pengine sisemi. Timu nzima ya wasichana wa shule, na mwalimu wao kapotelewa na sauti. Mmoja kasuka nywele kama zangu, akasimama mbele yangu akasahau alichotaka kusema, akaniambia, "Shikamoo," akakimbia! Bibi mmoja alikataa saini, akakataa picha. Akataka kuuona mguu. Mguu upi, bibi? "Huo unaowatesa nao." Nikavua kiatu. Akautazama wa kushoto sana, akatikisa kichwa: "Mwembamba! Nami nilidhani ni kama gogo." Nilicheka mpaka machozi. Nikavua koti. Nikafikiri, kumbe. Dada Mkubwa alinitazama kutoka upande wake, akakonyeza.

Sindano alikuwa pembeni yangu. Ndiye mshambuliaji wa akiba, mdogo kuliko sote, hajakosa Siku ya Mashabiki hata moja. Kalamu yake wazi muda wote. Watu walikuwa wakimpa simu zao awapige picha na mimi.

Kisha akaja bwana mmoja mwenye miwani. Si yule wa kofia, mwingine kabisa, kanukia vizuri, kaja na mkewe ambaye ndiye mpiga picha. Mkono begani. Nikahesabu pumzi. Mkono ukaanza safari.

Nilirudi nyuma ya meza. Sijui niliirukaje, nilijikuta tu upande wa pili. Nikamwambia, "Mkono wako uweke hapa, juu ya meza. Tupigwe picha hivyo."

Akacheka. Mkewe akateremsha simu. Tabasamu akaja mbio: Wembe, ni shabiki tu huyu! Na yule bwana akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Kwani yeye ni yai?"

Watu wakacheka. Si wote. Wa kutosha.

Nikachukua koti, nikaondoka. Nikapitia stoo. Nikiwa mlangoni niligeuka mara moja. Wasichana kadhaa wa shule walikuwa bado foleni. Na nyuma yao kabisa, amevaa shati jeupe, na wateja wake nyuma yake kama kikosi — Baba. Alikuwa ameshainua mkono anipungie.

Sikupunga.

Jumapili, 7 Septemba

Video imezagaa. Inaanzia pale ninapochukua koti. Kilichotangulia hakimo. WEMBE AWAKIMBIA WATOTO. Nimesoma maoni mpaka macho yakauma, kisha nikaficha simu chini ya godoro, kisha nikaitoa.

Baba kanywa chai, kaenda kazini. Jumapili! Hafungui Jumapili.

Jumatano, 10 Septemba

Ofisini kwa Mwenyekiti. Kiyoyozi kinatetema. Yeye, Tabasamu, mimi. Dada Mkubwa kaingia bila kuitwa, kasimama ukutani.

Wanasema kuondoka mapema ni sawa na kutohudhuria. Ila kuna njia: nirekodi video fupi ya kuwaomba radhi mashabiki. Tabasamu ameshaiandika.

Nikawaeleza. Mkono wa mwezi wa tano na mkono wa Jumamosi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikaichukia. Mwenyekiti alitazama dirishani muda wote, kama daktari anayesubiri mgonjwa avae. Akasema pole. Akasema watu wana furaha, na furaha haina adabu.  Tabasamu alikuwa mwekundu machoni, au ni kiyoyozi.

Nikasema nitakwenda kila Siku ya Mashabiki. Kila moja! Lakini meza iwe kati yetu. Anayetaka kunigusa aniulize. Na awepo mtu wa kumwondoa asiyesikia.

"Mchezaji hawawekei mashabiki masharti," akasema Mwenyekiti.

"Uwanjani kuna mstari. Shabiki akiuvuka, mechi inasimama. Kwa nini dukani hakuna mstari?"

 Tutalitazama, akasema Mwenyekiti. Najua wanavyotazama! Bomba la bafu letu wanalitazama tangu mwaka jana. Mdhamini hawezi kusikia kwamba siku yake inahitaji askari, akaongeza. Video kwanza. Bila video, Jumamosi nitakaa benchi.

Nikasema sirekodi.

Kwenye korido Dada Mkubwa alinishika bega, kisha akauondoa mkono haraka, kama kaungua. Mbona hukuniambia? Nikasema ulikuwa unanieleza habari za mbuzi. Hakucheka. Akaegemea ukuta, magoti yake yale.

"Na mimi walinishika," akasema. "Miaka yote. Nilidhani ndiyo nauli."

Ijumaa, 12 Septemba

Jana nilimwambia Mama. Alisikiliza huku akikunja nguo, akakunja shati moja mara tatu. "Mficha uchi hazai," akasema. "Sasa mwambie na mwenzangu. Kwa mdomo wako, si kwa wangu."

Leo nikaenda kinyozini. Nikasubiri kiti cha mwisho kitoke mtu. Baba akafagia nywele bila kunitazama. Nikazungumza na fagio.

Nilipomaliza akapanda juu ya kigoda, akaishusha picha. Akavaa miwani. Akaisogeza, akaisogeza, mpaka pua ikagusa kioo.

"Wapi?"

"Nyuma, Baba. Hauonekani."

"Nimewanyoa watu chini ya hii." Kisha, na hakuuliza kwa ubaya: "Mbona hapa unacheka?"

 Nikasema niliambiwa nitabasamu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, picha mapajani imelalia uso. Tukatazamana ndani ya kioo. Sijawahi kumwona amekaa kwenye kiti kile.

Nikangoja aseme tena habari za winga. Hakusema. Alisema jingine, na ndilo lililonikosesha usingizi mchana huu nilipojilaza: "Lakini wale watoto, mwanangu. Walikaa pale mpaka viti vikakusanywa. Yule mwenye nywele kama zako alirudi foleni mara ya pili. Nikamwambia umeumwa ghafla. Nimewadanganya watoto wa watu."

Ana haki. Nami nina haki. Haki mbili, na hazitoshi kwenye kiti kimoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Chumba cha kubadilishia nguo. Naandika gotini. Kocha kasoma kikosi. Anayeanza mbele ni Sindano. Kocha alisoma haraka, hakuinua uso, akaenda kutazama ubao ambao hauna kitu.

Sindano kashindwa kufunga kamba za kiatu. Nimemfungia. Nikamwambia beki wao wa kati ni mzito kugeukia kulia, mpitie huko. Akaniuliza nimekasirika? Nikasema sana, ila si na wewe. Nusu kweli. Namtakia mema na natamani aumwe tumbo sasa hivi. Mungu anisamehe!

Dada Mkubwa hajavaa kitambaa cha nahodha. Amekiweka mapajani, anakikunja, anakikunjua. Kocha amemwambia mara mbili avae. Amesema anasikia.

Kelele nje. Kuta zinatetema. Tulidhani ni timu nyingine imetoka. Kipa akafungua dirisha dogo la juu, akasikiliza, akanigeukia. Wanaita Wembe. Uwanja mzima! Wamesikia kikosi kwenye spika, wanapiga viti kwa miguu. Wem-be, Wem-be. Wale wale waliocheka dukani, pengine. Pengine na wale wasichana. Haiwezekani kuwatenganisha kwa sauti.

Vinyweleo vya mikono vimesimama. Nataka kutoka. Ninataka kutoka vibaya sana!

Sasa hivi Tabasamu kaingia, jasho tupu, simu sikioni. Mwenyekiti yuko upande wa pili. Kuna mpango mpya: video haina haja tena. Nitoke sasa, kabla ya timu, nizunguke uwanja kwenye uzio niwasalimie, watulie. Nikifanya hivyo, naanza.

Sindano ameinama, anafungua kamba nilizomfungia.

"Sikuzifunga bure," nimemwambia. "Ngoja." Yeye anaendelea.

Dada Mkubwa kasimama. Kila mtu kanitazama mimi, hata Kocha. Mguu wangu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Nimemwuliza Tabasamu: nisalimie nikiwa ndani ya mstari, au kwenye uzio, wanaponifikia?

 Ameiteremsha simu kutoka sikioni, ameitazama. Namsikia Mwenyekiti humo ndani anauliza, anasemaje? Anasemaje? Tabasamu ameirudisha sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hatabasamu. Anamwambia, "Subiri kidogo, bosi. Ameuliza swali —"